Bawa la Gari Si Pambo

Wenzangu, mimi sikubaliani na wale wanaosema ati gari la mashindano likiwa na bawa kubwa nyuma ndilo kali. Bawa la ndege huinua. La gari limegeuzwa, hukandamiza magurudumu chini. Lakini kazi yake hutegemea mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kwa hivyo kwenye kona ya polepole ni mzigo tu! Gari likiteleza nyuma hapo, tazama matairi na springi kwanza. Likiteleza kwenye kona ya kasi, basi ongeza mwinamo wa bawa, tena kidogo kidogo. Ukizidisha, mbele hukataa kukata kona, na upepo utakushika barabara ikinyooka.

Na je, limefungwa wapi? Mwaka 1969, mashindanoni Montjuïc, Barcelona, gari la Graham Hill, Lotus, lilivunjika bawa lililosimama juu ya vyuma virefu, likagonga kizuizi. Punde si punde la Jochen Rindt nalo likavunjika vivyo hivyo, akaligonga lile la Hill, akaumia usoni. Mwezi huohuo, huko Monaco, mabawa hayo marefu yakapigwa marufuku. Hao walikuwa mafundi wa kutajika duniani, sembuse mtu anayetoboa buti ya gari na kutia skrubu mbili?