Viti Vitupu Mbele ya Filme Kubwa



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu likelemba na kila mmoja akikaza kitenge chake aende kuwasha makala, mama mmoja wa kikundi chetu aliomba neno. Ni mjane, wengi mnamjua, jina lake silitaji. Tangu bwana yake afariki, amesomesha watoto wanne kwa nyumba ya video aliyoachiwa: televisheni moja kubwa, mabafle mawili, mabenchi kumi na mawili na grupe ya umeme. Alituambia: “Zamani, siku ya Mungu mchana, nilikuwa nazuia watoto mlangoni kwa kukosa nafasi. Sasa nawasha grupe kwa watoto kumi. Mnishauri: niuze vyombo, ao ningoje?”

Mama mwingine akajibu haraka kwamba labda kuna mtu anamfungia njia. Mimi nikasema: mama, kabla hatujatafuta mchawi hapa mtaani, acha kwanza nikupe habari za Marekani. Watu wakacheka, na saa ikawa imekwisha. Leo natimiza ahadi.

Huko Hollywood, zinakotengenezwa filme nyingi kubwa za dunia, kuna matajiri wenye kujiuliza swali lilelile la mama yetu. Mwaka wa 2019 kampuni ya Marvel ilitoa filme Avengers: Endgame. Ilikuwa ya 22 katika mfululizo mmoja ulioanza mwaka wa 2008 na Iron Man. Duniani kote iliingiza karibu dola miliardi 2,8. Miaka minne kisha, mwezi wa 11 mwaka wa 2023, mfululizo uleule ukaleta The Marvels. Kuitengeneza kulikula zaidi ya dola milioni 200, na mlangoni iliingiza kama milioni 206 tu. Mtasema: basi wamerudisha pesa yao. Hapana. Karibu nusu ya bei ya tikiti inabaki kwa mwenye nyumba ya sinema. Ile ilikuwa hasara kubwa. Na Joker ni hivyo hivyo: ya kwanza, mwaka wa 2019, ilipita dola miliardi 1, ya pili, mwaka wa 2024, ilipata karibu milioni 207.

Nini kimetokea? Sababu ni nyingi, lakini tatu zinatugusa na sisi.

Ya kwanza ni mazoea yaliyovunjika. Mwezi wa 3 mwaka wa 2020, Covid ilifunga nyumba za sinema karibu dunia nzima. Mtu aliyekuwa anatoka kila mwisho wa juma alijifunza kubaki nyumbani. Mnajua wenyewe: mwanamemba akikosa mikutano mitatu, wa nne hata hakumbuki kama upo.

Ya pili, wenye filme walijichimbia shimo wao wenyewe. Walianza kuzipitisha filme zao mapema kwenye intaneti, na watu wakaelewa kwamba ukingoja majuma machache utaiona ukiwa umekaa kitandani. Anayeuza nyanya sokoni asubuhi, kisha jioni anapita kuzigawa kwa bei ndogo mlango kwa mlango, asishangae soko lake likikosa wateja.

Ya tatu ni kuchosha watu. Marvel haikutosheka na filme. Tangu mwaka wa 2021 iliongeza na vipindi vingi vya televisheni. Ili uelewe vizuri The Marvels, ilifaa uwe umekwisha kuona vipindi viwili vingine, WandaVision na Ms. Marvel. Mimi mwalimu najua kitu hicho kinaitwaje: ni kazi ya nyumbani. Na nani analipa tikiti ili apewe kazi ya nyumbani?

Lakini mwaka uleule wa 2023 watu walijaa kwenye filme nyingine. Barbie, iliyoongozwa na mwanamke, Greta Gerwig, ilipita dola miliardi 1,4. Wanawake walikwenda makundi kwa makundi, mama na binti, wamevaa rangi ya waridi kama sisi tunavyovaa kitenge kimoja kwa arusi. Mwaka uliofuata, filme ya watoto Inside Out 2, yenye kueleza hasira, woga na huzuni vinavyopigana ndani ya kichwa cha msichana wa miaka 13, ikapata karibu miliardi 1,7. Na hiyo ni sehemu ya pili, kumbe kufuatana si kosa. Watu hawakuacha kupenda hadithi. Waliacha kutoka nyumbani kwa hadithi isiyowahusu, ambayo wanaweza kuiona kila mmoja peke yake.

Na kesho ya filme zile za kufuatana? Wenyewe hawana hakika. Wakubwa wa Disney, wenye Marvel, walisema watapunguza: filme mbili, zisizidi tatu kwa mwaka. Tena wamemwita Robert Downey Jr., yule aliyekuwa Iron Man na akafa katika Endgame, arudi na sura ya mtu mwingine. Ni kama muuzaji aliyekosa wateja akifungua sanduku la vitenge vya zamani. Pengine vitanunuliwa, pengine hapana.

Mambo haya si mapya. Huko Uingereza, mwaka wa 1946 zilikatwa tikiti za sinema zaidi ya miliardi 1,6. Televisheni ikaingia manyumbani, na mwaka wa 1984 zilikatwa milioni 54 tu. Kisha nyumba mpya zenye viti vizuri zikajengwa, watu wakarudi kidogo kidogo, ingawa hawakufikia tena hesabu ya zamani. Kwetu Kongo tulitangulia kuonja uchungu huo: nyumba kubwa za sinema za Kinshasa zilifungwa moja baada ya nyingine, na nyingi zikageuka makanisa. Kwa hiyo, mama yetu, usijilaumu, na usimlaumu jirani.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi kama mwalimu.

Mwezi uliopita niliwaomba watoto wa darasa langu, la sita la msingi, kila mmoja asimame asimulie filme moja toka mwanzo mpaka mwisho. Wote walinyoosha mikono. Lakini nilichopata ni vipande vipande: huyu anaruka, yule anapigwa, gari linalipuka. Kijana mmoja alitaja majina ya mashujaa kumi na zaidi bila kukosea. Nikamwuliza: “Wanapigania nini?” Akanyamaza. Anatazama kwenye telefone ya kaka yake, dakika mbili mbili, mega zikiisha hadithi inakatika. Kisha akasimama msichana mmoja mkimya, mwenye kwenda kwenye nyumba ile ya video. Alisimulia yote: nani alimkosea nani, kwa nini, na ilikwishaje. Mwishoni akaongeza: “Na pale, mwalimu, watu wote tulilia.” Darasa zima likanyamaza kumsikiliza.

Siwacheki wazazi. Mimi pia, jioni nikiwa na kaye za kusahihisha, nilikuwa nampa mtoto wangu telefone ili anyamaze. Usiku mmoja nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimemwekea katuni. Zikawa zimejifuata zenyewe mpaka akafika kwenye picha za mtu anayepigwa kwa panga. Alikuwa anatazama bila kusema neno, na mimi nilikuwa nusu mita mbele yake. Kwenye benchi, mtoto akiogopa anamshika mwenzake. Kwenye telefone anabaki na woga wake peke yake.

Tena kuna jambo jingine. Ile filme Oppenheimer, ya 2023, ilipata zaidi ya dola milioni 950. Inasimulia bomu la atomiki. Sisi watu wa Katanga tunajua kwamba sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Niliitazama saa tatu nzima, sikusikia jina la Shinkolobwe hata mara moja. Nani atawaambia watoto wetu, kama sisi wakubwa hatukai nao wakati filme inapokwisha?

Basi mama yetu, ushauri wangu ni huu: usiuze bado, lakini usiendelee kama zamani.

Kwanza, acha kuwasha grupe kila siku. Chagua siku moja, siku ya Mungu kisha kanisa, na uimalize mapema ili wasichana warudi nyumbani kabla ya giza. Mafuta ya siku moja yanahesabika; ya siku saba yanakumeza.

Pili, filme iwe moja, yenye mwanzo na mwisho, na wamama wawili wa kikundi waitazame kwanza kabla ya watoto. Zile zenye maneno ya Kiswahili ziwe mbele, ili na bibi aweze kufuata.

Tatu, weka bei ya familia: mama akija na watoto wake, alipe bei moja, si kichwa kwa kichwa. Nyumba ile ijulikane kama mahali pa mama na watoto, mlango wazi, si mahali pa vijana kujificha.

Nne, televisheni ikizimwa, watoto wasikimbie. Robo saa, mtu mkubwa awaulize: nani alikosa? Wewe ungefanyaje? Mimi najitolea kufanya kazi hiyo miezi mitatu bila malipo.

Sitaki kukudanganya. Inawezekana miezi mitatu ipite na mabenchi yabaki matupu. Wenye mamilioni ya dola nao wameshindwa kujua watu watarudi ao hapana. Ikiwa hivyo, uza bila haya. Utakuwa umepima kwa hesabu, si kwa woga. Lakini kumi wale unaowawashia grupe leo si “kumi tu.” Mmoja wao ndiye aliyefundisha darasa langu kusikiliza hadithi mpaka mwisho.

Wamama wa vikundi vingine, mjadiliane juma hili: mtaani kwenu watoto wanatazama nini, wapi, na wako na nani? Leteni majibu siku ya posho. Na anayeweza kuchangia lita moja ya mafuta kwa siku ile ya kwanza, amwone mtunza-sanduku wetu.

Mbaki salama.

Mwalimu wenu