Wasee wa densi, mwiteni mchoraji kabla ya mazoezi

Wasee wa densi hapa Nyeri, wacha niwachokoze kidogo. Kwenu mchoraji huitwa siku mbili kabla ya shoo, apake kitambaa cha nyuma, apewe chai na chapati, kisha atumiwe soo tano kwa M-Pesa. Halafu mnashangaa mbona kila kikundi, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, kinacheza stepu zilezile za TikTok.

Zamani haikuwa hivi. Kabla ya jando, vijana wa Kikuyu walicheza wakiwa wamevaa ndome, ile ngao ya mbao iliyochongwa na kupakwa mistari ya kupindapinda. Haikuwa ya vita, ilikuwa ya densi. Hebu jifunge ubao juu ya kiwiko ujaribu kucheza: bega linabadilika, mkono hauinuki ulivyozoea, mwili unatafuta njia nyingine. Mchongaji alikuwa ameshaamua nusu ya densi. Leo ndome ziko hadi kwenye makumbusho ya London. Inauma, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Hata Marekani walilijua hili. Mwaka 1935 mchongaji Isamu Noguchi alimtengenezea Martha Graham jukwaa la densi iitwayo Frontier. Hakupaka pazia lolote. Alileta kipande cha ua na kamba zilizotanuka kama herufi V, basi jukwaa tupu likaonekana kama nchi isiyo na mwisho. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa takriban miaka 30.

Sisi tuna ukuta wetu. Pandeni matatu hadi Murang'a, muingie kanisa kuu la Kianglikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Tanzania, alichora humo maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, Waafrika wakiwa ndio wahusika na mandhari yakiwa ya huku kwetu. Kaeni hapo saa nzima, simu mfukoni. Angalieni nani ameinama na nani amesimama peke yake. Hapo kuna stepu ambazo hakuna mtu amewahi kuposti.

Najua mtasema hakuna pesa. Kamba hata duka la vifaa vya ujenzi inauzwa, na bei si ya kutisha. Kinachokosekana ni kumwita mchoraji siku ya kwanza ya mazoezi, mkiwa bado hamjui mtacheza nini. Na mkilipwa, apate mgao sawa na mchezaji, jina lake likiwa kwenye bango, si kwa herufi ndogo.