Matone yanayogeuka viputo: mimi niko upande wa viungo vya zamani

Leo tuweke programu kando kidogo (tutazirudia, msijali).

Wapigaji picha za ultrasaundi wana mbinu ya kuifanya damu ionekane vizuri: wanadunga mshipani viputo vidogo vya gesi vilivyofunikwa kwa utando. Gesi huakisi sauti kuliko damu. Baadaye hutoka kwa pumzi, haipitii figo, na kwa mgonjwa wa figo hilo si jambo dogo. Lakini viputo hupotea baada ya dakika chache, tena ni vikubwa mno kupenya ukuta wa mshipa na kuingia ndani ya uvimbe.

Ndipo wakaja na matone. Mwaka 2000 Kripfgans na wenzake wa University of Michigan walieleza jinsi tone la perflorokaboni linavyogeuka kiputo likipigwa na sauti yenye nguvu. Tone la nanomita mia kadhaa hupenya kwanza, halafu unaliamsha pale unapotaka. Sisi watu wa kodi tunaielewa hiyo haraka: amri imelala, inangoja kuitwa.

Sasa kasheshe. Perfloropenteni huchemka kwa nyuzi 29, mwili una 37, na bado tone lake halichemki! Mvutano wa uso hulibana, na kadiri tone linavyokuwa dogo ndivyo linavyobanwa zaidi. Ukiongeza sauti ili liamke, unaweza kuumiza nyama ya mwili.

Wengi hapo hutamani kemikali mpya kabisa. Mimi sikubali. Mwaka 2011 Sheeran, Dayton na wenzao huko North Carolina walitumia dekaflorobyuteni, gesi inayochemka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Unapoza viputo vyake, unavikandamiza, vinakuwa matone yanayoamka kwa sauti ndogo zaidi. Gesi za ukoo huo madaktari wanazijua miaka mingi, kwa hiyo safari ya kufika kwa mgonjwa ina maswali machache. Machache, sijasema hakuna: tone jepesi hivyo linaweza kulipuka lenyewe kabla ya kufika, na usalama wa kiputo hauthibitishi usalama wa tone lililojificha nje ya mshipa. Hilo lipimwe upya, hata likichelewesha.

Halafu kuna kazi yetu. Picha ya kabla hutolewa kwenye picha ya baada, kinachobaki ndiyo matone yaliyoamka. Rahisi, mpaka mgonjwa avute pumzi na ini lisogee.