Mkuyu wa Busi na visiki vinavyouzunguka

Miti ya miombo ina ada moja ambayo sisi wakazi wa mjini tumeisahau: hutoa majani mapya kabla mvua haijanyesha. Mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu na vumbi likiwa limetanda kila mahali, mitundu ya vilima vya Irangi huvaa majani mekundu, kisha mekundu hayo hufifia taratibu na kuwa kijani. Hiyo ndiyo sababu tuliichagua Jumamosi moja ya mwezi huo kuwapeleka watoto Busi, wilayani Kondoa, wakatembee kwa miguu hadi kwenye mkuyu mkongwe tuliokuwa tukiusikia kwa jamaa zetu.

Tuliianza safari Ijumaa jioni kutoka Dodoma, kwa lami hadi Kondoa na kwa vumbi baada ya hapo. Njiani tulisimama tukanunua magunia mawili ya mkaa, maana bei ya barabarani na bei ya mjini hazilingani. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu litarudi.

Baada ya swala ya Alfajiri tuliripoti kwa wenyeji, jambo ambalo msomaji asiliache akienda, na mzee mmoja wa msikitini akakubali kutuongoza. Matembezi yenyewe ni mepesi. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, hakuna mlima wa kupanda, na mama aliyevaa buibui hapati taabu mradi viatu vyake viwe vya kufunika vidole. Mdogo wetu, mwenye miaka sita, alitembea mwenyewe kwenda na kurudi.

Msitu ulikuwa kimya kuliko tulivyotarajia. Mzee alikuwa akiigusa miti kwa fimbo na kuitaja: mtundu, mninga, myombo. Mninga alimwonyesha kijana wetu utomvu wake, mwekundu kama damu, pale tawi lilipovunjika. Kisha miti ikapungua, udongo ukawa mweusi, na mbele yetu likafunguka bonde la kinamasi lenye matete na ndago. Yangeyange walikuwa wamesimama katika maji ya kifundo cha mguu. Tulipita ukingoni, kwenye njia ya ng'ombe.

Juu ya ng'ombe hao mzee alikuwa na la kusema. Watu wa umri wake hawakusahau jinsi vilima hivi vilivyokuwa vimechunwa hadi mfupa, mvua ikiuteremsha udongo mabondeni na kuacha makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa kuondoka katika eneo la Kondoa lililoharibika zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Lilikuwa jambo chungu kwa wafugaji, lakini nyasi zilirudi na miti ikarudi.

Mkuyu umesimama upande wa pili wa bonde, penye chemchemi. Sisi sita, wakubwa kwa wadogo, tulishikana mikono tukashindwa kuuzunguka. Babu yake mzee aliukuta umeshakomaa. Matunda yake huota juu ya shina na matawi makubwa, si ncha za vitawi, na ndani ya kila tunda mna nyigu wadogo kuliko punje ya mtama ambao ndio wachavushaji wake. Pasipo wao mkuyu hauzai mbegu, na pasipo mkuyu wao hawana pa kutagia. Ni ndugu wa karibu wa mtini ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Sura inayoitwa kwa jina lake. Mabinti zetu walivutiwa zaidi na kiota cha fundichuma kilichokuwa juu, kikubwa kama kikapu cha kuku wa mnadani.

Watu wazima tulikuwa tukitazama chini. Palikuwa na visiki. Tulihesabu kumi na tisa kabla ya kuacha, baadhi vikiwa bado vyeupe. Kwenye shina la mkuyu wenyewe palikuwa na kovu la shoka, kana kwamba mtu alijaribu akabadili nia.

Mzee alieleza kwamba utotoni mwake hapa palikuwa kichaka kizito. Watu walileta matambiko wakati wa ukame, na hakuna aliyethubutu kuvunja hata kijiti. Uislamu ulipoingia mioyoni, alhamdulillahi, matambiko yakakoma.

Hapo kijana wetu, anayesoma madrasa, akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Amefundishwa kuhusu mti wa Hudaybiya, ambao chini yake Masahaba walimpa Mtume (s.a.w.) kiapo cha utii mwaka wa 6 Hijria, na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliamuru ukatwe alipoona watu wanaanza kuuendea kwa kutafuta baraka. "Babu," akasema, "basi si afadhali na huu ungekatwa?"

Mzee alikaa kimya kidogo. "Mjukuu wangu, Umar alikata mlango wa shirki. Hawa wamekuja baada ya shirki kwisha. Hawakati shirki, wanakata mkaa."

Hatukuwa na la kuongeza, ila tulimkumbusha kijana kwamba ni Mtume huyohuyo aliyeifanya Madina kuwa eneo takatifu ambalo miti yake haikatwi, na aliyefundisha kwamba anachokula ndege katika mti wa Muislamu huandikwa sadaka kwa aliyeupanda. Kichaka hiki kililindwa na hofu ya mizimu, na hofu hiyo tuliiondoa wenyewe, kwa haki. Vilima vililindwa na amri ya serikali, na amri huja na kupita. Kisiwani Misali, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi walifundishwa kulinda bahari yao kwa hoja za Qur'ani. Tunajiuliza ni khatibu gani wa bara amewahi kupanda mimbari akazungumzia kisiki.

Adhuhuri ilituingilia hapohapo. Kibla cha Busi ni kaskazini, na tulipopanga safu mkuyu ukawa mbele yetu. Mzee akatusogeza hatua kumi pembeni. Kisheria mti unafaa kuwa sutra, naye analijua hilo vizuri. "Ni kwa ajili ya watoto," akasema, "wasije wakakumbuka vibaya."

Tulirudi garini alasiri. Magunia yalikuwa palepale tulipoyaacha, yamefunikwa kwa turubai ambalo mzee mwenyewe alitusaidia kulifunga asubuhi. Mdogo wetu akauliza ule mkaa ulikuwa mti gani. Tulitazamana. Mzee aliingiza mkono chini ya turubai, akatoa kipande, akakivunja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mtundu," akasema, na akakirudisha ndani ya gunia.