"Upo", na mkia wake
Juzi nilimuuliza ofisa wa kampuni moja kwa barua pepe kama mkutano wa saa nne bado upo. Akajibu: "Upo." Chini ya neno hilo likafuata jina, cheo, nembo, simu tatu, kisha onyo refu kwamba barua hii ni siri na kama si yako uifute. Tulipoandikiana mara ya sita, onyo lilikuwa limejirudia mara sita. Na linachekesha: linakuja mwishoni, siri umeshaisoma! Simlaumu ofisa, ni mtambo wa barua pepe unaobandika bila kuangalia. Kweli, kuna maelezo ya lazima: Uingereza, tangu 2007, sheria inataka barua pepe za kampuni zitaje jina, namba ya usajili na anwani iliyosajiliwa. Sawa, mistari miwili inatosha. Programu ya Outlook inaruhusu saini moja ya barua mpya na nyingine ya majibu. Ya majibu iwe jina na simu basi. Kwenye Exchange, mtambo wa barua pepe za ofisi, fundi anaweza kuweka sharti: onyo likikutwa tayari ndani ya barua, lisibandikwe tena. Ndugu zangu wa TEHAMA, hata chai haitapoa mezani kabla hamjamaliza. Tufanyieni hilo Jumatatu.