Unyaufu wa ghalani na mshahara wa karani

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

MSIMU wa ufuta unapofunguliwa vijijini Kilwa, mtu anayekutana kwanza na mkulima ni karani wa AMCOS. Aghalabu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na hiyo ndiyo ajira yake ya kwanza ya mezani. Anapima mzigo, anaandika stakabadhi, ananakili namba ya akaunti ya benki ya mkulima. Tarakimu moja ikikosewa malipo hukwama, na mwenye hasira humrudia yeye, si mwenyekiti wa bodi.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo wenyewe ukaanza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Tangu wakati huo makato ya mkulima yamejadiliwa hadi bungeni. Makato ya karani hayazungumzwi.

Chanzo chake kikubwa ni unyaufu. Mazao yanayokaa katika ghala la kijiji yakisubiri lori hukauka na kupungua uzito. Tuseme karani amepokea kilo 10,000 za korosho, na mzani wa ghala kuu ukasoma pungufu kwa asilimia 1. Hizo ni kilo 100. Kwa bei ya Sh3,300 kwa kilo, ambayo Serikali iliitangaza Novemba 2018, ni Sh330,000. Huenda lori lilichelewa kwa kuwa uongozi haukupanga usafiri mapema, lakini saini iliyomo kwenye leja ni ya karani, na rahisi kwa bodi ni kumkata yeye.

Wapo makarani waliochezea mizani, na hao wana kesi ya kujibu. Hata hivyo, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Kumnyima mshahara wa mwezi mzima kwa sababu ufuta umekauka ni kinyume cha sheria hiyo.

Tatizo ni kwamba msimu ni mfupi. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi mwenye ajira ya chini ya miezi 6, na karani wengi hawafiki huko. Bodi haihitaji kumfukuza. Inatosha isimwite mwakani. Ndiyo maana hunyamaza.

Akiamua kusema, anaruhusiwa kupeleka mgogoro wa makato Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kukosa mkataba wa maandishi hakumfungii mlango, kwani mwajiri asiyeweza kuuonyesha ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi. Lakini anayesubiri kwanza aone kama ataitwa msimu ujao, siku hizo humpita.

Chama Kikuu cha Lindi Mwambao, ambacho AMCOS za Kilwa ziko chini yake, kingeweza kuanza na karatasi moja tu: mzigo upimwe upya unapopakiwa, dereva na kiongozi wa bodi watie saini pamoja na karani, na tarehe ya kupokelewa iandikwe kando ya tarehe ya kuondoka.