Vyakula vya GMO na Haki ya Mnunuzi



Tumeletewa barua na mama mmoja wa Malindi, atuuliza suala ambalo twaona si lake peke yake. Asema kuwa shoga yake amemkataza kununua unga wa mahindi dukani, ati mahindi ya siku hizi ni ya GMO, nayo huleta saratani. Mumewe naye amwambia hayo ni maneno ya mitaani, apike watoto wale. Mama huyu ataka kujua: chakula hicho ni sumu au si sumu? Tena ni halali au ni haramu?

Kabla ya kumjibu, yatupasa tukiri kosa letu. Mwezi wa Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri la Kenya liliiondoa amri ya mwaka 2012 iliyokuwa ikikataza vyakula hivyo, na mabishano yakafika hata mahakamani. Siku zile sisi tulisimama mbele ya wanafunzi wetu chuoni, tukawaambia kuwa imethibitika vyakula vya GMO vyaleta saratani, tukawaonyesha na picha ya panya wenye mavimbe makubwa tuliyoletewa katika simu. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, na panya wasiolishwa mahindi hayo walikuwaje?" Tukamnyamazisha. Elimu yetu sisi ni ya chuoni na darasa chache za msingi, na mtu wa elimu ndogo akiulizwa asilolijua huwa mwepesi wa kukasirika.

Baadaye tuliona haya, tukamwomba jamaa yetu mwenye elimu hiyo atufahamishe. Picha ile ni ya utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini, uliochapishwa Septemba 2012. Alifuga panya 200 kwa miaka miwili, baadhi yao wakalishwa mahindi ya GMO, wengine wakanyweshwa maji yaliyotiwa dawa ya kuua magugu. Panya wa kulinganishia, wasiopewa hiki wala kile, walikuwa 20 tu, madume 10 na majike 10. Nao pia walikuwamo waliopata mavimbe, kwani panya wa jinsi ile hupata mavimbe kwa wingi wakizeeka, hata wakila chakula cha kawaida. Lakini picha zao hazikuonyeshwa. Suala la kijana yule, basi, lilikuwa ndilo suala lenyewe! Novemba 2012 Kenya ikapiga marufuku vyakula hivyo, na Novemba 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo likauondoa, likisema kuwa hautoshi kutolea hukumu. Mwaka 2014 jarida jingine liliuchapisha tena, na wako wanaoutetea hata leo. Lakini mizani yao ni nyepesi. Kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilizipitia tafiti nyingi mno, na mwaka 2016 ikatangaza kuwa haikupata ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyokuwa vikiuzwa vina madhara kwa mwili wa binadamu kupita vya kawaida.

Hiyo si hati ya kusema kila kitakachotengenezwa kesho kitakuwa salama. Kugeuza mmea kwa njia hii ni kutwaa chembe ya urithi katika kiumbe kimoja na kuitia katika kingine. Yako mahindi yaliyotiwa chembe ya bakteria wa udongoni ili viwavi watoboao mashina wayalapo wafe. Basi yategemea ni chembe gani iliyotiwa, na wapi. Kampuni moja ya Marekani ilitia katika soya chembe ya karanga za Brazil, ili kuongeza lishe. Mwaka 1996 ikachapishwa habari kwamba watu wanaodhuriwa na karanga hizo wangedhuriwa na soya hiyo pia, kwa hivyo haikuuzwa kabisa. Ilipimwa kabla ya kupikwa, na ndivyo itakiwavyo kila mara.

Ama uhalali, maulamaa wameshalitazama jambo hili. Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 1999 liliharimisha vyakula vilivyotengenezwa kwa chembe za nguruwe. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2013 liliruhusu vyakula hivi kwa masharti, miongoni mwake kwamba visidhuru, na kwamba chembe isitoke katika kilicho haramu. Sisi si watu wa kutoa fatwa, twasimulia tu yaliyosemwa.

Lakini hapa pana suala la pili ambalo watu hulichanganya na la kwanza. Wauzaji husema, "Madhali si sumu, kwa nini tuandike juu ya mfuko? Mtawatisha watu bure." Twawakumbusha habari ijulikanayo na kila mtoto wa chuoni. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta maji. Mwenyewe akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume hakumwuliza kama nafaka ile yadhuru au haidhuru. Alimwuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu, watu wakaiona. Kuficha ndiko kulikokuwa kosa.

Nchi za Ulaya zimeyafuata hayo pasi na kuyasoma kwetu: kwa sheria yao ya mwaka 2003, chakula chenye GMO kupita asilimia 0.9 huandikwa. Marekani ilichelewa. Sheria yake ni ya mwaka 2016, ikalazimishwa kuanzia Januari 2022, na hata hapo muuzaji aliruhusiwa kuweka alama ya kupigwa kwa simu badala ya maneno. Mtu asiye na simu ya namna hiyo ameambiwa nini? Kenya nayo ilitoa kanuni zake mwaka 2012, na kiwango chake ni asilimia 1.

Tatizo letu ni kwamba wengi wetu hatununui mfuko ulioandikwa. Twanunua kibaba kutoka gunia lililo wazi, twakipeleka mashineni kusagwa. Karatasi itabandikwa juu ya nini? Tulimwuliza mwuza mahindi wa mtaani kwetu, akasema yeye hununua kwa dalali, na dalali hununua lori zima, na gunia halisemi latoka wapi. Hatukumlaumu. Lakini serikali inayoandika kanuni kwa ajili ya maduka makubwa peke yake imewasahau walio wengi.

Basi mama yetu wa Malindi, jibu letu ni hili. Wapikie watoto, wala usiwalaze na njaa kwa ajili ya picha ya panya. Kama ni mfuko, usome; kama ni gunia, uliza, hata kama hujibiwi, ili muuzaji naye akamwulize dalali. Na mahindi yakiwa na unyevu au ukungu usiyachukue, hata yakiuzwa rahisi. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliwaua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na wala hayakuwa ya GMO.

Yule kijana aliyeuliza habari za panya sasa yuko sekondari. Tulimwita Alkhamisi iliyopita, tukamwomba radhi mbele ya wenziwe. Alicheka, kisha akatuuliza suala jingine, juu ya mafuta ya kupikia, nalo bado hatujalipatia jibu.